Mazoezi ya nguvu nje ya msimu: mchezaji wa futiboli ya vyuo vya Marekani atarajie nini hasa?

Mzazi_Namba72 ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Kijana wangu amemaliza msimu wake wa kwanza katika timu ya futiboli ya Kimarekani (si soka) ya chuo kikuu kimoja kilicho katika Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Yumo kwenye mstari wa mbele wa mashambulizi, yaani miongoni mwa wale watano wanaomkinga kotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Msimu huu hakucheza, kwa kuwa makocha waliamua kumweka akiba ili asipoteze mwaka mmoja wa ustahiki wake, yaani miaka anayoruhusiwa kuichezea timu ya chuo, wakati mwili bado haujakomaa.

Sasa Januari imefika, naye amepewa karatasi yenye malengo anayotakiwa kuyafikia kabla ya kambi ya Agosti. Ana kilo 121, na karatasi inamtaka afike kilo 133. Papo hapo inamtaka apunguze sehemu tatu za kumi za sekunde katika mbio za yadi 40, na uzito anaochuchumaa nao begani uongezeke kwa zaidi ya robo. Yeye ameyapokea yote kwa furaha ya ujana, na kila tukizungumza kwa simu ananitajia tarakimu hizo kana kwamba tayari ni zake. Mimi nina mashaka. Je, miezi saba inaweza kweli kumwongezea mtu kilo 12 na wakati huohuo kumfanya awe na kasi zaidi? Na hata ikiwezekana, je, hilo ndilo litakalompa nafasi uwanjani? Ninaomba majibu ya watu waliowahi kuwa karibu na kazi hii. Matangazo ya wauza virutubisho nimekwisha kuyasoma ya kutosha.

KochaWaVyuma amejibu:

Mzee, shikamoo. Nimefanya kazi kwa misimu kadhaa nikiwa msaidizi katika chumba cha vyuma cha timu ya chuo, na karatasi kama hiyo ya kijana wako nimeiona mara nyingi, pengine nyingine nimeziandika kwa mkono wangu. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu malengo hayo matatu yameandikwa pamoja ilhali kila moja lina mwenendo wake.

Kwanza tuitazame miezi saba yenyewe, kwa maana ukiipekua utakuta si saba. Januari na Februari ndicho kipindi halisi cha kujenga nguvu. Kanuni za NCAA huruhusu saa 8 kwa wiki za shughuli za lazima wakati wa nje ya msimu, tofauti na saa 20 za wakati wa msimu, na katika hizo 8 zimo pia mbio na vikao vya kutazama picha za michezo. Machi na Aprili huja mazoezi ya majira ya kuchipua, ambayo ni vikao 15 vya uwanjani, vingi vyake vikiwa vya kugongana. Mchezaji anayegongana na wenzake mara tatu kwa wiki hawezi kuchuchumaa na uzito wa kilele wiki hiyohiyo na kutarajia mwili upone. Baada ya hapo kuna mitihani, kuna likizo fupi ya Mei, kisha Juni na Julai huleta wiki 8 za mazoezi ya kiangazi. Agosti ni kambi, na kambini mtu hupungua zaidi kuliko anavyojengeka. Kwa hiyo muda wa kujenga nguvu bila kuingiliwa na jambo jingine ni kama nusu tu ya huo mliouhesabu.

Sasa nguvu. Hapa nina habari njema, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili ndio wenye mavuno makubwa. Timu zilizopima wachezaji wao kwa miaka yote minne ya chuo zimekuta mtindo uleule: uzito wa kuchuchumaa na wa kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi huongezeka sana mwanzoni, kisha mwinuko hupungua, na kufikia mwaka wa nne mchezaji anapigania nyongeza ya kilo chache tu. Sehemu kubwa ya ongezeko la wiki za mwanzo haitokani na misuli mipya. Mfumo wa neva unajifunza kuiamsha misuli iliyopo, tena kwa mpangilio mzuri zaidi, na mbinu inanyooka. Vijana wengi hufika chuoni wakiwa wamefundishwa kuchuchumaa nusu nusu. Ukiwasahihisha, kwanza tarakimu hushuka, halafu hupanda haraka. Ikiwa kijana wako ni wa kundi hilo, robo moja zaidi kufikia Agosti inawezekana. Ikiwa tayari alikuwa akinyanyua kwa mpangilio mzuri tangu sekondari, nusu ya hiyo ingekuwa kazi ya kujivunia.

Kilo 12 ndizo zinazonitia wasiwasi. Si kwamba hazipatikani. Kijana wa miaka 19 mwenye mifupa mikubwa na chakula cha bure cha chuo anaweza kuzipata hata kabla ya Juni. Swali ni kilo za nini. Kijana mwenye kipaji anayefanya kila kitu sawasawa anaweza kuongeza misuli halisi ya kilo nne au tano kwa mwaka huo wa mwanzo, na baadaye moja au mbili kwa mwaka. Zinazobaki ni mafuta na maji. Kwa mchezaji wa mstari wa mbele mafuta si dhambi moja kwa moja, kwa kuwa uzito wenyewe ni silaha anapozuia mtu wa kilo 140 asimsukume nyuma, na wengi wa wachezaji wa nafasi hiyo wana robo ya uzito wao katika mafuta. Lakini kila kilo ya mafuta lazima ibebwe na goti lilelile na moyo uleule.

Na hapo ndipo lengo la tatu linapogombana na la pili. Anayekimbia kwa kasi ya juu hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kila hatua, ilhali misuli huhitaji sehemu tatu za kumi au zaidi ili ifikie nguvu yake ya juu kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza kilo 40 katika kuchuchumaa na saa ya mbio isisogee: nguvu aliyoipata haina muda wa kujitokeza. Inajitokeza zaidi katika hatua tatu nne za mwanzo, mguu unapokaa ardhini kwa muda mrefu kidogo. Kwa mchezaji wa mstari wa mbele hilo ni jambo zuri sana, kwani yeye hakimbii yadi 40 katika mchezo labda mpira uporwe na adui na ikabidi amfukuze mporaji. Kazi yake iko ndani ya yadi tano. Sehemu tatu za kumi katika yadi 40 huku akiongeza kilo 12 ni lengo ambalo mimi nisingeliandika, na ukisikia mwezi wa Agosti kwamba limefikiwa, uliza kwanza ni nani aliyeshika saa. Muda unaopimwa kwa saa ya mkononi kwa kawaida hutoka mfupi kuliko ule wa mitambo ya kielektroniki kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, kwa hiyo timu ikianza kwa mtambo na kumalizia kwa saa ya mkononi, mchezaji ameongeza kasi bila kusogeza mguu.

ShabikiWaJumamosi amejibu:

Kocha, heshima yako, ila naona umekuwa mchoyo wa matumaini. Historia ya mchezo huu inasema vingine. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska kilimwajiri Boyd Epley, kijana aliyekuwa mrukaji wa upondo na aliyeumia mgongo, ili asimamie mazoezi ya vyuma ya wachezaji wa futiboli wakati makocha wengi wakiamini kwamba vyuma humfanya mtu awe mzito na mgumu wa viungo. Inasimuliwa kwamba kocha mkuu Bob Devaney alimwonya kuwa mchezaji yeyote akipungua kasi, kazi yake ingekuwa imekwisha. Nebraska ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971. Epley huyohuyo akaanzisha chama cha makocha wa nguvu, NSCA, mwaka 1978, na leo hakuna chuo kikubwa kisicho na jengo zima la vyuma. Ikiwa faida ni ndogo kama unavyoieleza, kwa nini vyuo vitumie fedha zote hizo, na kwa nini majaribio ya NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, yaendelee kumpima mtu kwa kusukuma ratili 225 benchini? Stephen Paea aliisukuma mara 49 mwaka 2011, na watu wanalikumbuka hilo hadi leo.

KochaWaVyuma amejibu:

Ndugu Shabiki, mfano wa Nebraska ni mzuri, na ndio unaonipa hoja. Epley alipoanza, wapinzani wake wengi hawakuwa wakinyanyua chochote. Timu iliyokuwa na nguvu zaidi ilikutana na timu ambazo hazikuwahi kuifikiria nguvu kama jambo la kufundishwa, na tofauti ikaonekana kwenye ubao wa matokeo. Leo mlinzi atakayesimama mbele ya kijana wa mzee wetu naye yuko kwenye chumba cha vyuma saa hizihizi, akiwa na kocha mwenye cheti, mtaalamu wa lishe na karatasi yake ya malengo. Asiyefanya mazoezi haya ataachwa nyuma, hilo halina ubishi. Lakini anayeyafanya, sehemu kubwa ya anachokipata ni kubaki sawa na wenzake. Vyuo vinatumia fedha kwa sababu hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha. Tena jengo la kifahari huwavutia wachezaji wanaosajiliwa, na vipaji wanavyokuja navyo vina uzito katika matokeo kuliko vyuma vilivyomo ndani yake.

Kuhusu ratili 225, yaani kilo 102, anayezisukuma mara 49 anaonyesha ustahimilivu wa kifua na mikono ambao ni wa ajabu kweli. Hata hivyo mpango mmoja wa mchezo, yaani tangu mpira unapoanza kuchezwa hadi unaposimamishwa, huchukua takriban sekunde tano, kisha kuna mapumziko yanayoweza kukaribia sekunde 40. Hakuna mahali katika mchezo ambapo mtu husukuma mara 49 mfululizo akiwa amelala chali. Kipimo hicho kinabaki kwa sababu ni rahisi kukifanya na ni rahisi kukilinganisha kati ya mwaka mmoja na mwingine, nami sikichukii. Ila sijawahi kuona mtu akipewa nafasi ya kuanza kwa sababu yake.

Dada_Fizio amejibu:

Nimesoma mjadala huu nikishangaa kwamba jambo ambalo mimi ningelitanguliza halijaguswa. Faida ya mazoezi ya nguvu iliyo na ushahidi mzuri zaidi ni kupunguza majeraha, na haionekani kwenye karatasi ya malengo kwa sababu hakuna anayeandika kwamba mwaka huu mchezaji hakuumia. Misuli ya nyuma ya paja ikiimarishwa katika hali ya kurefuka, kwa mfano kwa lile zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele taratibu huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu, kuvutika na kuchanika kwa misuli hiyo hupungua sana; tafiti nyingi za hilo zimefanywa kwa wachezaji wa soka, lakini paja ni paja. Mabega na nyonga zenye nguvu huhimili mikazo ambayo ingeviumiza vile visivyoandaliwa. Kwa kijana anayetarajia kushiriki vikao vyote 15 vya majira ya kuchipua na kisha kambi nzima ya Agosti, kule kuhudhuria tu ndiko kutakakomfundisha kazi, na anayekaa kando na barafu gotini hajifunzi chochote hata kama anachuchumaa na kilo 250.

Mipaka ipo. Hakuna zoezi la chumba cha vyuma linaloweza kumhakikishia mtu kwamba goti lake halitavunjwa na mtu wa kilo 130 aliyemwangukia kutoka ubavuni, na shingo nene haijathibitishwa kuwa kinga ya mtikisiko wa ubongo, ingawa madai hayo yanauzwa sana.

Sasa niseme lile ambalo mzazi anapaswa kulijua. Nje ya msimu ndiko kwenye hatari ya aina yake. Tangu mwaka 2000, katika futiboli ya vyuo, vifo visivyotokana na kugongana vimezidi vile vinavyotokana na kugongana, na vingi vya hivyo vimetokea katika mazoezi ya utimamu wa mwili, ambayo mpangilio wake wote uko mikononi mwa watu wazima. Januari 2011 wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini mara tu baada ya kurejea kutoka likizo na kupewa mazoezi ya kuchuchumaa kwa marudio mengi kupita kiasi. Misuli yao ilivunjika na mabaki yake yakaingia kwenye damu na kuzitesa figo, hali inayoitwa rabdomiolisisi. Januari 2017 wachezaji watatu wa Oregon walilazwa baada ya mazoezi ya namna hiyo. Na mwaka 2018 mchezaji wa mstari wa mbele wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alifariki kwa kiharusi cha joto alichokipata katika mazoezi ya mbio mwishoni mwa Mei, na uchunguzi ulionyesha kwamba hakupoozwa kwa maji baridi kama ilivyopasa.

Tazameni tarehe hizo: ni siku za kwanza baada ya mapumziko. Mwili uliokaa wiki tatu nyumbani hauwezi kuanzia ulipoishia, na kocha anayetaka kuonyesha ukali siku ya kwanza anaiweka hatari pale hasa ilipo kubwa zaidi. Wachezaji wakubwa wa mstari wa mbele hupata joto upesi na kupoa polepole, na kwa wenye kinasaba cha selimundu, mbio za kukazana bila pumziko zinaweza kuua hata siku isiyo na joto kali. NCAA iliagiza upimaji wa kinasaba hicho kwa wanamichezo wa Divisheni ya Kwanza mwaka 2010, kwa hiyo majibu ya kijana wako yamo kwenye jalada lake. Mzee, muulize kama anayajua.

Mzazi_Namba72 amejibu:

Nawashukuru nyote, na Dada Fizio umenifanya nipige simu usiku. Majibu ya kipimo hicho anayajua, na yuko salama. Naomba niongeze maswali mawili. La kwanza, mwezi Mei atakuwa nyumbani kwa wiki chache, na kuna mkufunzi binafsi anayejitangaza kwamba anaweza kumsaidia kufikia zile kilo 133 kwa programu yake mwenyewe na virutubisho anavyoviuza. La pili, kijana anasema wenzake wanafanya mazoezi ya ziada ya hiari saa kumi na moja alfajiri, na kwamba jina la asiyefika hukumbukwa. Je, hiyo ni hiari kweli?

MstariWaZamani amejibu:

Shikamoo mzee. Nimecheza nafasi hiyohiyo ya kijana wako katika chuo cha daraja la chini kidogo, na maswali haya mawili nimeyapitia kwa mwili wangu.

Mkufunzi binafsi mwache. Sisemi kwamba hana ujuzi. Tatizo ni kwamba programu ya chuo ina mpangilio wa kupanda na kushuka, na wiki hizo za Mei mara nyingi zimewekwa makusudi ziwe nyepesi baada ya migongano ya majira ya kuchipua. Akija mtu mwingine akaijaza nafasi hiyo kwa uzito wa kilele, kijana atarudi Juni akiwa amechoka kabla ya kuanza. Chuo huwapa wachezaji karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Afuate hiyo, apate usingizi wa muda wa saa nane au tisa kila usiku, na aendelee kukimbia mbio fupi wakati wa joto la mchana kwa kiasi ili mwili usisahau joto.

Virutubisho vya huyo bwana ndivyo ningevikataa kwa sauti kubwa. Nchini Marekani bidhaa hizo haziidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa, na si mara moja au mbili imekutwa kwamba kopo lina kitu ambacho hakikuandikwa nje. NCAA haijali kama ulijua au hukujua. Kipimo kikionyesha dawa ya kuongeza uwezo iliyopigwa marufuku, mchezaji hupoteza mwaka mzima wa ustahiki, na kijana wako amewekwa akiba msimu mzima kwa ajili ya kuulinda mwaka huohuo. Kabla hajameza chochote amwonyeshe mtaalamu wa lishe wa timu. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na faida yake kwa nguvu imethibitishwa vizuri, ila inunuliwe ile iliyopimwa na maabara huru. Protini apate gramu 1.6 au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili, ambazo kwake ni takriban gramu 200 kwa siku, na hizo zinapatikana kwenye sahani bila kopo lolote. Kilichotushinda wengi wetu hakikuwa protini. Ilikuwa kifungua kinywa. Ukitoka mazoezini saa moja na kuwahi darasani saa mbili, unajikuta unakula mlo wa kwanza wa maana adhuhuri, halafu jioni unajaza tumbo kwa chochote kilichopo ili mizani ya Ijumaa isikuaibishe.

Kuhusu hiari: kwenye karatasi ni hiari, na saa hizo hazihesabiwi katika zile 8. Kanuni zinataka mazoezi ya namna hiyo yasilazimishwe, mchezaji asiadhibiwe kwa kutofika, wala mahudhurio yake yasiripotiwe kwa makocha. Lakini chumba cha vyuma ni kidogo, na nahodha ana macho. Mimi nilikuwa nikifika, na sijutii, ila nilikuwa na bahati ya kocha aliyetutuma tukalale alipotuona tumechoka. Kijana wako afike siku ambazo mwili unamruhusu, na siku unapokataa amwambie mtaalamu wa tiba wa timu, si nahodha. Katika Divisheni ya Kwanza uamuzi wa kitabibu ni wa watu wa tiba, na kocha hana ruhusa ya kuutengua.

Niongeze jambo moja ambalo halikuwa kubwa enzi zetu. Siku hizi wachezaji huhama vyuo kwa urahisi, na anayehama kila mwaka hupata kocha mpya wa nguvu, mbinu mpya na vipimo vipya vya kuanzia. Mavuno ya mwaka wa pili ambayo Kocha ameyataja yanahitaji mtu akae mahali pamoja muda wa kutosha ayavune. Na kwa timu zinazofika mbali, muda wenyewe umepungua: baada ya mchujo wa ubingwa kupanuliwa hadi timu 12, Ohio State ilicheza michezo 16 katika msimu wa 2024 na kumaliza tarehe 20 Januari 2025, wakati timu nyingine zilikuwa zimekwisha kurudi kwenye vyuma.

ShabikiWaJumamosi amejibu:

Nakubali hoja ya Nebraska. Sikuwa nimewafikiria wapinzani. Ila Kocha, hujamjibu mzee swali lake la mwisho: je, haya yote yatampa kijana nafasi uwanjani?

KochaWaVyuma amejibu:

Yatamwondolea sababu ya kunyimwa. Katika mstari wa mbele kuna kiwango cha nguvu na uzito ambacho chini yake kocha hawezi kukutumia hata ukiwa na akili ya mchezo kuliko wote, kwa sababu utasukumwa hadi miguuni pa kotabeki. Kijana wa kilo 121 huenda yuko chini ya kiwango hicho, na ndiyo maana karatasi inamkazania. Akishakivuka, kilo tano zaidi za kuchuchumaa hazitabadilisha chochote. Kitakachoamua ni mikono inayofika kwanza kifuani mwa adui, hatua ya kwanza isiyokuwa ndefu mno, na kutambua kabla ya mpira kuchezwa ni nani anakuja kutoka wapi. Hayo hujifunzwa katika vile vikao 15 na katika picha za michezo, na nimewaona wachezaji wa tatu kwa nguvu katika chumba changu wakianza mbele ya yule wa kwanza msimu mzima.

Kwa hiyo, mzee, kama ningekuwa mimi ndiye niliyeandika karatasi ile, ningemwekea kilo 127 au 128 kufikia Agosti na kipimo cha kiuno kando yake, ili ijulikane kilichoongezeka ni nini. Ningefuta yadi 40 na kuandika yadi 10 kwa mtambo uleule wa kielektroniki Januari na Julai, na ningeridhika hata isiposogea, maana kubaki na mwendo uleule ukiwa na kilo sita zaidi ni maendeleo makubwa. Kuchuchumaa ningekuacha kulivyo, kwa sharti la kina kamili. Kijana anaweza kumwomba kocha wake wa nguvu wakae dakika kumi wayapitie malengo hayo. Ni ombi la kawaida, na makocha wengi hupenda mchezaji anayeuliza. Aende mwenyewe lakini. Simu ya mzazi kwa kocha wa nguvu, mzee, haijawahi kumwongezea mtu hata kilo moja.